Kwacha Moja ya Mbala, Shilingi Ngapi za Sumbawanga?

Mtu wa Sumbawanga akiitiwa kazi Mbala, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, huambiwa mshahara wake kwa kwacha. Cha kwanza anachofanya ni kuwauliza wabadilisha fedha kwacha inakwenda kwa shilingi ngapi leo, azidishe, kisha apime jibu na kile anachopata sasa. Hesabu hiyo ni ya dakika moja, na inapotosha. Kiwango cha kubadilisha fedha hupanda na kushuka kwa sababu ya shaba ya Zambia, bei ya mafuta duniani, nguvu ya dola na maamuzi ya benki kuu mbili. Hakijui chumba cha kupanga Mbala ni kiasi gani kwa mwezi, wala ada ya shule, wala kunyoa nywele. Swali linalomfaa mtu huyu ni jingine: kile ambacho kwacha moja inanunua Mbala, Sumbawanga kingehitaji shilingi ngapi? Jibu lake ndilo wachumi wanaloliita usawa wa uwezo wa kununua.

Jina hilo lilitoka kwa Msweden Gustav Cassel, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa akitafuta namna ya kupanga upya viwango vya sarafu. Kipimo cha dunia kilisubiri nusu karne. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, chini ya Irving Kravis, walianza kukusanya bei za nchi mbalimbali kwa utaratibu mmoja. Duru ya kwanza, iliyotumia bei za mwaka 1970, ilikuwa na nchi 10 tu, na kutoka Afrika ilikuwamo Kenya peke yake. Sasa Mpango wa Kimataifa wa Ulinganisho unasimamiwa na Benki ya Dunia. Matokeo ya duru ya 2021, yaliyotoka Mei 2024, yalihusu nchi na maeneo 176. Afrika huratibiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kwetu kazi ya kwenda madukani na sokoni na daftari ni ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Matokeo yake yanagusa mambo mazito. Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia inahesabu kuwa katika umaskini uliokithiri yule anayeishi chini ya dola 3 kwa siku. Watu wengi wanazidisha dola hizo kwa kiwango cha benki. Mwaka 2021 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, kwa hiyo wanapata shilingi 6,900 kwa siku, wanashangaa kuona karibu nchi nzima iko chini ya mstari. Lakini dola hizo 3 ni za uwezo wa kununua, na Tanzania bei za maisha kwa ujumla ziko chini ya nusu ya zile za Marekani zikigeuzwa kwa kiwango cha benki. Mstari wenyewe, kwa bei za 2021, uko chini ya nusu ya hizo 6,900. Anayekosea hapa anawaongeza mamilioni ya watu kwenye hesabu ya maskini kwa kalamu tu.

Turudi mpakani, kwa sababu hapo mbinu zinaonekana wazi kuliko kwenye majedwali ya Washington.

Sharti la kwanza ni kulinganisha kitu na mwenzake. Wakusanya bei wa kimataifa hupewa maelezo marefu kwa kila bidhaa: uzito, ubora, kifungashio, imeuzwa dukani au gengeni. Huku kwetu Ufipa sharti hilo lina uzito wa pekee, maana vipimo vyetu havisemi kilo. Mahindi yanauzwa kwa debe, na kuna debe la kusawazisha na debe la kichuguu. Maharage yanauzwa kwa sado. Nyanya ni fungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni. Gunia linaweza kuwa la kawaida au lumbesa, lile lenye kilemba juu ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka mingi. Ukivuka, unakuta vyombo vingine kabisa. Mtu akikwambia mahindi Mbala ni nafuu kuliko Matai, upande wetu wa mpaka, muulize kwanza alipima kwa nini. Mzani mdogo wa kuning'iniza utakuokoa na hesabu nyingi za uongo.

Baada ya uzito, ubora. Unga wa Zambia unauzwa kwa mifuko ya kilo 25, na daraja zinazojulikana zaidi ni mbili: breakfast, uliokobolewa sana ukawa mweupe, na roller, uliobakiwa na sehemu ya pumba. Mfuko wa roller ukiuweka kando ya sembe ya Sumbawanga, Zambia itaonekana rahisi kupita ilivyo. Sembe ipime na breakfast. Roller inakaribia dona, ingawa haifanani nayo sawasawa. Na kuna wale, wengi sana huku, ambao hawanunui unga: wananunua mahindi au wanavuna yao, wanapeleka mashineni, wanalipia kusaga. Kwao bei ya unga ni bei ya mahindi, ukoboaji, usagaji na pumba wanayorudi nayo kwa ajili ya nguruwe au kuku. Mkusanyaji bei anayeishia dukani hawaoni watu hawa.

Bidhaa inayolinganishika kwa urahisi kuliko zote ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Migebuka na dagaa wanaotua Kasanga ni wale wale wanaotua Mpulungu, maana ziwa ni moja. Dagaa wakavu wa daraja moja, kilo kwa kilo, wanakupa uwiano safi wa shilingi na kwacha. Lakini huo ni uwiano wa dagaa peke yake, na hapo ndipo penye mtego wa kila anayetaka bidhaa moja imjibu maswali yote. Gazeti la The Economist limekuwa likilinganisha nchi kwa bei ya mkate wa nyama wa McDonald's tangu 1986. Ni njia nzuri ya kufundishia, ila Tanzania hauuzwi, na hata ungeuzwa, si chakula cha kaya ya Laela.

Kwa hiyo tunahitaji kapu, na kapu linahitaji uzani. Nichukue namba za mfano. Msomaji aweke za kwake. Tuseme Sumbawanga unga ni shilingi 1,000 kwa kilo na mafuta ya kula shilingi 6,000 kwa lita. Mbala unga ni kwacha 10 na mafuta kwacha 40. Kwa unga, kwacha moja ni sawa na shilingi 100. Kwa mafuta ni sawa na shilingi 150. Ukichukua wastani wa kijiometri wa hizo mbili, yaani kuzidisha kisha kutafuta kipeo cha pili, unapata karibu 122. Lakini hesabu hiyo imeupa unga na mafuta uzito mmoja, na hakuna nyumba Ufipa inayotumia fedha sawa kwa unga na kwa mafuta.

Sasa tuchukue kaya ya Sumbawanga inayotumia kilo 60 za unga na lita 3 za mafuta kwa mwezi. Nyumbani inalipa shilingi 78,000. Kapu hilo hilo Mbala lingegharimu kwacha 720. Gawanya: shilingi 108 kwa kwacha. Halafu tuchukue kaya ya Mbala, ambako kwenye mfano wetu mafuta ni nafuu, kwa hiyo wanatumia zaidi: kilo 40 za unga na lita 5 za mafuta. Kwao ni kwacha 600. Sumbawanga zingekuwa shilingi 70,000. Gawanya: karibu 117.

Bei ni zile zile na miji ni ile ile, lakini majibu ni mawili na yote ni sahihi. Kila kaya imezoea kununua kwa wingi kile kilicho rahisi kwao, hivyo ukitumia kapu la upande mmoja, upande huo utaonekana nafuu kuliko unavyoonekana kwa kapu la mwenzake. Kapu la nchi unayoanzia ni mbinu ya Étienne Laspeyres, kapu la nchi ya pili ni ya Hermann Paasche, wote Wajerumani wa karne ya 19. Mmarekani Irving Fisher alipendekeza kuchukua wastani wa kijiometri wa majibu hayo mawili. Kwa mfano wetu, 108 na 117 zinatoa 112. Hiyo 112 ndiyo ningeitumia, na ndiyo mbinu ambayo ofisi za takwimu zinaiamini zaidi kwa kulinganisha nchi mbili, kwa sababu haimpendelei yeyote.

Sasa iweke kando ya kiwango cha wabadilisha fedha. Kama wanatoa shilingi 100 kwa kwacha, basi kwa kapu hili Mbala ni nafuu: kwacha unayoipata kwa shilingi 100 inakununulia vitu vya shilingi 112 za Sumbawanga. Kama wanadai 125, ni kinyume chake. Mshahara wa kwacha 6,000 kwa uwezo wa kununua ni kama shilingi 672,000, hata kama kwa wabadilisha fedha ungekuletea 600,000 au 750,000. Kuna tahadhari moja tu kubwa. Fedha utakayoituma nyumbani Sumbawanga kila mwezi itapita kwa kiwango cha kubadilisha, haitapita kwa 112. Gawa mshahara mara mbili: utakaoula huko uupime kwa uwezo wa kununua, utakaoutuma uupime kwa kiwango cha siku. Vijana wetu walioko Oman na kwingineko ughaibuni wanalijua hili bila kufundishwa, ndiyo maana mtu anakubali kubanana chumba kimoja na wenzake ili sehemu ya pili iwe kubwa.

Zikiingia nchi tatu au zaidi, Fisher peke yake haitoshi. Tuongeze Dar es Salaam kwenye mfano wetu. Tuseme kapu linaloigharimu kaya shilingi 100 Sumbawanga linahitaji shilingi 110 Dar, na kwacha moja ya Mbala ni sawa na shilingi 126 za Dar. Ukipitia Dar, kwacha ya Mbala inakuwa 126 gawanya kwa 1.10, yaani karibu shilingi 114.5 za Sumbawanga. Moja kwa moja tulipata 112. Njia mbili, majibu mawili, na mlinganisho wa dunia hauwezi kuachwa hivyo. Mbinu inayotumika kimataifa, ambayo imepewa majina ya Gini, Eltetö, Köves na Szulc, inakusanya njia zote, ya moja kwa moja na zile za kupitia kwa wengine, na kuchukua wastani wake wa kijiometri. Kwa miji yetu mitatu inatoa 113. Ipo mbinu nyingine, ya Roy Geary na Salem Khamis, inayotengeneza kwanza bei za wastani za dunia kisha kuthamini vitu vya kila nchi kwa bei hizo. Ina faida kwamba vipande vyake vinajumlishika vizuri, lakini bei za wastani huvutwa na nchi zinazotumia kwa wingi, na nchi maskini hutoka zikionekana tajiri kuliko zilivyo. Kwa swali la mlaji, ningeiacha.

Kabla ya kufika kwenye kapu zima, wataalamu hushughulika na bidhaa zinazokosekana. Ulezi utaupata Sumbawanga kila siku. Mahali pengine hauna soko. Mbinu ya Robert Summers ya mwaka 1973 hutumia bei zilizopo kwenye kundi moja la vitu, tuseme nafaka, kukadiria kiwango cha bei cha nchi bila kuziba pengo kwa kubuni. Na bidhaa ambayo ni chakula cha kila siku hupewa uzito mara tatu ya ile inayopatikana lakini hainunuliwi sana. Kanuni hii naipenda. Inazuia makaroni ya supamaketi kupewa sauti sawa na ugali.

Vitu visivyovuka mpaka ndivyo vinavyoleta tofauti kubwa kati ya nchi tajiri na maskini: kunyoa, kushona nguo, kupanga nyumba, kufundishwa. Simu ya mkononi itakaribiana bei popote baada ya kodi na usafiri. Kinyozi wa Sumbawanga hawezi kumnyoa mtu wa London, kwa hiyo bei yake inafuata mishahara ya Sumbawanga. Umeme nao una habari yake ya pekee hapa. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ilipata sehemu ya umeme wake kutoka Zambia kwa njia inayopita Mbala. Bidhaa ile ile, kwenye waya ule ule, ilipovuka mpaka ilibadilika bei, kwa sababu mtu wa Sumbawanga anapoingiza tokeni za LUKU analipa bei ya TANESCO iliyopangwa kwa nchi nzima. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, awe Kasanga au Kariakoo.

Mafuta ya magari ni kinyume cha umeme. Kila mwezi mdhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo mji kwa mji, na ukiusoma mstari wa Sumbawanga utaona umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam umeandikwa ndani ya bei ya lita moja. Mafuta hayo ndiyo yanayobeba saruji, sukari, sabuni na daftari za shule. Wakati huo huo mahindi, maharage, mchele wa bonde la Ziwa Rukwa na migebuka vinatoka jirani. Kaya inayotumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa chakula inaishi kwa nafuu Ufipa. Kaya inayojenga au kusomesha, au inayonunua vitu vya viwandani kwa wingi, inaweza isiuone unafuu huo hata kidogo.

Mtumishi wa umma ndiye anayeguswa zaidi na jambo hili, na simwoni akisemewa. Ngazi ya mshahara wa mwalimu ni moja Tanzania nzima. Akihamishwa kutoka Temeke kwenda Sumbawanga, hati yake ya mshahara haibadiliki, lakini shilingi zake zinabadilika thamani. Kodi ya nyumba ikishuka, amepandishwa mshahara bila barua. Akiwa na mtoto anayesoma chuo Dar na wazazi Tanga, nauli za mwaka zinaweza kuula unafuu wote. Hewa ya uwanda wa juu, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nayo inaongeza vitu kwenye kapu: mablanketi, masweta, mkaa wa kuota na wa kuchemshia maji ya kuoga mwezi wa sita na wa saba. Dar angelipia feni. Ulinganisho wowote unaodhani kapu la pwani na la Ufipa ni moja unamdanganya.

Namba ya taifa moja haiwezi kusema haya. Kwenye majedwali ya dunia, Tanzania ina bei moja ya wastani, na wastani huo unategemea wakusanya bei walifika wapi. Duru ya 2005 China ilitoa bei kutoka miji 11 tu, na kwa kuwa bei za mijini ni za juu, nchi ikaonekana ghali na watu wake maskini kuliko walivyokuwa. Kila mara bei za sehemu za mbali kama Mtowisa, Kirando na Wampembe zisipopewa nafasi yake, kosa hilo linaweza kujirudia kwetu.

Ukitaka kupima mwenyewe, usipime siku moja. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa tano, na bei ya mwezi wa saba si ya mwezi wa pili. Chukua bei za mavuno na za msimu wa ghala tupu, upande wa Tanzania na wa Zambia, ufanye wastani. Na angalia mwaka wenyewe. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame, ikatangaza janga la taifa mwezi Februari, na baadaye Wakala wetu wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukakubaliana kuiuzia mahindi kwa mamia ya maelfu ya tani. Uwiano wa unga wa mwaka ule hautakufaa kwa mkataba wa kazi wa miaka mitatu.

Lililo gumu kuliko yote ni chakula usichonunua. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi, na bado Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, uliotumia mstari wa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, uliuweka miongoni mwa mikoa yenye umaskini mkubwa. Mahindi ya shambani yanaingia kwenye matumizi ya kaya kwa bei ya karibu, na bei ya karibu ni ndogo kwa sababu mavuno ni mengi. Bei ile ile inayompa mtumishi unafuu sokoni ndiyo kipato cha mkulima aliyepakia gunia kwenye lori. Anaponunua bati au dawa ya mifugo, analipa bei iliyosafiri kutoka Dar. Kwa mkulima wa Nkasi swali la uwezo wa kununua ni gunia ngapi kwa bati moja, na gunia ngapi kwa ada ya muhula.

Kwa hiyo, kwa maamuzi ya kila siku: kama unanunua bidhaa Mbala na kuileta Sumbawanga, tumia kiwango cha wabadilisha fedha, ongeza nauli na ushuru wa forodha Kasesya, na kumbuka kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Zambia na 18 Tanzania Bara. Usawa wa uwezo wa kununua haukuhusu hapo. Kama unahamia, unapokea mshahara, unamlipia mtoto bweni, au unaamua kati ya kituo cha Sumbawanga na cha Dar, chukua kapu lako la mwezi mzima, liwekee bei za pande zote mbili, kisha fanya hivyo hivyo kwa kapu la mtu anayeishi huko, utafute wastani wa Fisher. Karatasi moja na simu yenye kikokotoo vinatosha.

Na serikali ina uwezo wa kuturahisishia. Wakusanya bei wa mfumuko wa bei wako mikoani kila mwezi. Nataka kuona jedwali la mwaka linaloonyesha shilingi 100 za Dar es Salaam ni sawa na shilingi ngapi Sumbawanga, Mpanda, Mtwara na Bukoba, kwa kapu la kaya ya mjini na kapu la kaya ya kijijini, likiwa wazi kwa kila mtu kama EWURA inavyotangaza bei ya petroli. Mwalimu akiwa nalo mkononi siku anapopewa barua ya uhamisho, na mkulima siku anapopanga bei ya gunia, watakuwa na cha kujadiliana nacho.